Shajara ya mradi: vioo vya jengo jipya, kuanzia ukaguzi hadi makabidhiano

Kazi: vioo vyote vya jengo jipya la ghorofa nne, ndani na nje, baada ya mafundi wa lipu, rangi na aluminiamu kuondoka. Mbele kuna vioo vikubwa visivyofunguka, ubavuni na nyuma kuna madirisha ya kusukuma. Mkataba unataja "vumbi na rangi kidogo". Kilichopo ukutani ni matone ya saruji, rangi ya maji na ya mafuta, silikoni iliyopakwa kwa kidole, stika za kiwandani zilizochomwa na jua, gundi ya karatasi ya kufunikia, na michirizi myeupe chini ya zege.

Jumatatu: ukaguzi

Hakuna ndoo iliyoshushwa leo. Vioo vya jengo jipya huharibika zaidi pale watu wanapoanza kukwangua kabla ya kujua wanakwangua nini, na mkwaruzo ukishaonekana hakuna anayekubali kwamba ulikuwepo tangu awali. Siku nzima imekuwa ya kutazama, kupapasa na kuandika.

Kila kioo kimepewa namba kwenye mchoro wa jengo: upande, ghorofa, nafasi kutoka kushoto. Kinatazamwa kwa mwanga wa kawaida, kisha kwa tochi iliyolazwa karibu na uso ili mwanga uteleze juu yake. Mkwaruzo usioonekana ukiutazama usoni hujitokeza kwa mwanga wa ubavuni. Penye vumbi zito, sehemu inamwagiwa maji na kuachwa ichuruzike yenyewe. Kusugua vumbi kavu ili uone mkwaruzo ni kutengeneza mkwaruzo mwingine.

Jambo la pili ni aina ya kioo. Vioo vyote vya mbele na vya milango vina chapa ndogo ya kudumu kwenye kona, alama ya kioo kigumu, yaani kile kilichopashwa moto tanuruni na kupoozwa ghafla. Hivi ndivyo vinavyoleta kesi nyingi. Mabeseni ya kuoshea na roli za tanuru kiwandani zisipokuwa safi, chembe ndogo sana za kioo hushikamana na uso wakati wa kupashwa moto, kwa kawaida upande mmoja tu, ule uliolalia roli. Macho hayazioni. Wembe ukipita, huzing'oa na kuziburuza, na kioo kinabaki na mamia ya nywele za mikwaruzo kuanzia juu hadi chini. Aliyeshika wembe ndiye anayelaumiwa, ingawa chanzo ni tanuru.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Lowanisha kona yenye upana wa kiganja, pitisha ncha za vidole polepole, kisha kadi ngumu ya plastiki. Kioo safi huteleza kimya. Chenye chembe hukwaruza kama msasa laini na sauti yake inasikika. Vioo saba vya mbele vimetoa sauti hiyo upande wa nje. Vimewekewa alama nyekundu kwenye mchoro: wembe marufuku mpaka mwenye jengo aandike kwamba ameelewa hatari yake.

Tatu, tabaka za kuakisi joto. Madirisha ya nyuma ni ya vioo viwili vilivyoungwa, kwa hiyo yana nyuso nne. Taa ya simu ikisogezwa karibu hutoa viakisi vinne, na kimoja kikiwa na rangi tofauti ndipo tabaka lilipo. Hapa kilichotofautiana ni cha pili au cha tatu, yaani tabaka liko ndani ya uwazi, halifikiwi na mkono. Lingekuwa uso wa kwanza au wa nne, chuma chochote kingekatazwa, pamoja na stilwuli laini kabisa.

Vioo viwili vya nyuma vina ukungu katikati. Muhuri umekufa na hewa yenye unyevu imeingia. Hilo halisafishiki, linabadilishwa. Limeandikwa na kupigwa picha, kwa sababu kioo kikishang'aa ukungu huo utaonekana zaidi na utaitwa kazi mbovu.

Orodha imesainiwa na msimamizi wa jengo kabla ya jioni.

Jumanne: kona ya majaribio

Dirisha moja la nyuma limechaguliwa kuwa sampuli. Kila aina ya doa imejaribiwa kwanza kwa kitu dhaifu kabisa: maji, maji ya sabuni, plastiki, spiriti, asidi hafifu, na wembe mwishoni. Mpangilio huu unaonekana wa polepole. Kwa kweli unaokoa muda, maana rangi ya maji imelainika kwa sabuni ya vuguvugu ndani ya dakika tano na kutoka kwa kadi ya plastiki. Nusu ya madoa ya jengo ni ya aina hiyo.

Mchanganyiko uliokubalika: lita 10 za maji na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, takriban mililita 5. Kioo chenye joto kinapewa viwili, kwa kuwa sabuni huchelewesha kukauka na kuufanya mpira wa skwiji, kifaa cha kuvutia maji, uteleze. Zaidi ya hapo inabaki kama utando na kuvuta vumbi. Povu jingi ndoo ikijazwa si dalili nzuri, ni dalili kwamba mtu amemimina bila kupima.

Matundu ya kutolea maji chini ya fremu yamekaguliwa pia. Haya ni yale matobo madogo yanayotoa maji ya mvua yaliyoingia kwenye reli. Zaidi ya nusu yamezibwa na lipu au silikoni. Dirisha la kusukuma lililozibwa hivi likioshwa, maji hujaa kwenye reli na kumwagikia ndani, ukutani. Yamezibuliwa kwa waya mwembamba usio na ncha kali, kisha kikombe cha maji kikamiminwa kwenye reli kuhakikisha yanatokea nje. Hili lifanyike kabla ya kuosha, wala si baada ya kulaumiana kuhusu rangi ya ukuta iliyobabuka.

Jumatano: ghorofa ya chini, nje

Asubuhi upande wa magharibi, baada ya saa saba upande wa mashariki. Jua linafuatwa kwa nyuma kila wakati. Kioo chenye giza kilichopigwa na jua la mchana kinaweza kuwa cha moto kiasi cha kukausha maji kabla skwiji haijafika nusu. Na kikiwa kioo cha kawaida kisichoimarishwa, maji baridi juu ya joto kali yanaweza kukipasua kuanzia ukingoni. Tofauti ya nyuzi 40 hivi kati ya sehemu mbili za kioo hicho hicho inatosha kukiweka hatarini, hasa pale ambapo ukingo ulikatwa vibaya na una ufa mdogo uliofichwa na fremu.

Mfuatano wa kila kioo: fremu kwanza, kioo baadaye. Fremu inafagiwa kwa brashi kavu, inafutwa kwa kitambaa chake chenyewe, kisha kioo kinamwagiwa maji mengi kuanzia juu ili mchanga ushuke. Ndipo kipakio cha manyoya kinapita na sabuni, wima halafu mlalo, kwa kubonyeza kidogo. Kipakio kinasuuzwa kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye ndoo ya sabuni. Ndoo mbili hazina mbadala kwenye kazi ya ujenzi. Mchanga una kwazi, ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, ilhali kioo ni kama 5.5. Punje moja iliyonaswa kwenye manyoya inaandika mstari kila mkono unapopita.

Kuhusu skwiji, ule mpira wa kuvutia maji: vioo vikubwa vimefanywa kwa ya sentimita 45, madirisha kwa ya 35. Mpira unatokeza milimita 2 au 3 nje ya chuma pande zote mbili. Usipotokeza, chuma kinagonga fremu na kuacha mstari wa maji ukingoni. Ukitokeza kupita kiasi, ncha inajikunja na kuacha mkia. Pembe kati ya chuma na kioo ni kama nyuzi 30 hadi 45. Ukilaza au kusimamisha kupita kiasi, mpira hauyakati maji vizuri.

Kabla ya kuvuta, ukingo wa juu unakaushwa kwa kitambaa, upana wa vidole viwili, na mpira wenyewe unafutwa. Mpira mkavu kwenye ukanda mkavu unaanza bila mchirizi. Ukianza juu ya maji, tone linabaki juu na litashuka dakika mbili baadaye, wakati wewe uko dirisha la tatu. Kila mvuto unapanda juu ya ule uliotangulia kwa sentimita 3 hadi 5, ncha iliyo upande wa sehemu kavu ikitangulia kidogo ili maji yaelekee upande ambao bado umelowa.

Michirizi iliyojitokeza leo ilikuwa na sababu tofauti, na inafaa kuzitenganisha, maana wengi hubadilisha sabuni wakati tatizo liko kwenye mpira:

Mstari mwembamba ulionyooka, unaojirudia mahali pale pale kwenye kila mvuto, ni mpira uliochanika. Hata jeraha lisiloonekana kwa macho hutambulika ukipitisha kucha. Mpira ukigeuzwa unapata ukingo mpya. Ukiwa umeshatumika kingo zote unatupwa, au unakatwa utumike kwenye skwiji fupi. Mstari mpana wenye ukungu ni mpira uliokufa ukingo wake, umekuwa wa mviringo. Mistari ya upinde mahali mkono unapogeuka ni pembe iliyobadilika bila kujua. Matone yanayoshuka kutoka juu ni maji yaliyojificha kwenye ufizi wa mpira wa fremu: kitambaa kibonyezwe pale, kisisuguliwe. Utando unaoonekana kioo kizima dakika kumi baada ya kukauka ni sabuni nyingi au maji machafu.

Vitambaa vya mikrofaiba vinafuliwa bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo hupaka nyuzi mafuta, na kitambaa kinaanza kusukuma maji badala ya kuyanywa.

Alhamisi: nyavu na reli

Nyavu za mbu zimetolewa zote, zikaandikwa namba nyuma kwa chaki, zikaoshwa zikiwa zimelazwa chini juu ya turubai na kukaushwa kivulini. Kuziosha zikiwa dirishani kunapeleka tope lote kwenye kioo. Reli zimefyonzwa vumbi zikiwa kavu, brashi baadaye. Siku nyepesi.

Ijumaa: wembe

Leo vioo visivyo na alama nyekundu vimefanyiwa rangi ya mafuta, silikoni na stika kwa kikwangulio cha wembe wa sentimita 15.

Chuma cha wembe si adui wa kioo safi kilicholowa. Kinachokwaruza ni kile kinachonaswa chini yake. Kwa hiyo kioo kilishaoshwa juzi, leo kinaloweshwa tena kwa sabuni nyingi zaidi, na wembe unasukumwa mbele tu. Mwisho wa mwendo unanyanyuliwa, unarudishwa hewani na kuanza upya. Ukiuvuta kurudi ukiwa umegusa kioo, punje iliyokuwa mbele inaingia chini ya makali. Mwendo ni mfupi, ulionyooka, kila mmoja ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Karibu na ukingo, sentimita mbili za mwisho zinafanywa kwa wembe mdogo unaokwenda sambamba na fremu, ili silikoni ya muhuri isikatwe. Muhuri uliokatwa hauonekani leo. Utaonekana siku ya mvua ya upepo.

Wembe unabadilishwa mara unapoanza kuvuta badala ya kuteleza. Hauhifadhiwi umelowa ndani ya kishikio: usiku mmoja unatosha kuota kutu kwenye makali, na kutu hiyo ni msumeno. Nyembe zilizotumika zinaingia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, si mfuko wa taka.

Stika: karatasi ya juu imemenywa, gundi ikafunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya isopropili kwa dakika kadhaa, ikakwanguliwa. Kuna vipande vitatu vya plastiki angavu juu ya lango ambavyo vinafanana sana na kioo. Gonga kwa kucha: kioo kina mlio, plastiki ina sauti butu. Wembe, spiriti kali na amonia haviendi kwenye plastiki hiyo. Inapata nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui na haitengenezeki. Imeoshwa kwa sabuni na kitambaa laini tu.

Silikoni imeleta ubishi. Kwenye madirisha matatu ya ubavuni imepakwa juzi na bado laini ndani. Silikoni ya kawaida hukauka kuanzia nje kwa kunyonya unyevu wa hewa, kama milimita 2 au 3 kwa saa 24. Ukiigusa kabla ya hapo inapakaa na kuwa utando wa mafuta usioshikika. Madirisha hayo yameachwa mpaka wiki ijayo, ingawa msimamizi alitaka yaishe. Pale ambapo ilikuwa kavu, wembe umeondoa mwili wake, lakini kivuli kimebaki: ukanda ambao maji yanaukwepa. Kivuli hicho kimesuguliwa kwa spiriti, na palipogoma, kwa rojo la oksidi ya seriamu, unga laini wa kung'arishia kioo, kwenye kitambaa chenye unyevu, mpaka maji yakatandaa sawasawa. Njia ya kujua kama kimetoka ni hiyo hiyo, kutazama maji yanavyolala.

Vioo saba vyenye alama nyekundu: mwenye jengo ameomba visikwanguliwe. Madoa yake yamefanyiwa kazi kwa kuloweka muda mrefu, plastiki, na spiriti. Matone mawili ya rangi ya mafuta hayajatoka yote. Yamebaki kwenye orodha.

Jumatatu, wiki ya pili: saruji na chokaa

Matone ya saruji yameloweshwa kwa taulo zilizobandikwa kioo kizima kwa zaidi ya dakika kumi, maji yakiongezwa. Kisha plastiki ngumu imeyavunja kutoka pembeni kwenda katikati, na kila kipande kikisuuzwa kabla ya kingine kuguswa. Wembe haupiti juu ya tone la saruji hata liwe dogo namna gani, kwa sababu ndani yake kuna mchanga.

Utando wa chokaa uliobaki umeyeyushwa kwa asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita moja ya maji, ikipandishwa hadi 100 palipokuwa pazito. Inapakwa, inaachwa dakika 2 hadi 5, haikauki, inasuuzwa kwa maji mengi. Glavu na miwani kila wakati. Vibaraza vya madirisha ya mbele ni vya jiwe lenye chokaa: tone moja la asidi kwenye kona isiyoonekana lilitoa mapovu, maana yake jiwe lenyewe linaliwa. Vimefunikwa nailoni iliyogandishwa kwa tepu, na jiwe chini yake likaloweshwa maji kwanza ili tone litakalopenya lisiwe na nguvu. Aluminiamu nayo haipendi asidi kali wala magadi makali. Asidi ya kusafishia vyoo, yenye haidrokloriki, haikuruhusiwa kuingia eneo la kazi. Wala asidi yoyote haikaribiani na dawa ya klorini. Mchanganyiko wake hutoa gesi ya klorini.

Kuna mtu wa ujenzi aliyeleta dawa ya "kumaliza kila doa" yenye asidi ya haidrofloriki. Imerudishwa. Asidi hiyo hula kioo chenyewe, na kwenye ngozi hupenya bila maumivu ya haraka, ikashambulia kalisi mwilini. Maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, madhara yakiwa yameshafika ndani. Kwa kazi ya madirisha haina nafasi.

Upande wa kaskazini, chini ya zege lililo wazi, michirizi haikutoka kwa asidi. Ukikilowesha kioo inapotea, kikikauka inarudi, na kidole hakihisi kitu. Mvua imekuwa ikishusha magadi ya zege jipya juu ya kioo kwa miezi, na magadi hayo yameuchimba uso. Hapo hakuna uchafu wa kuondoa, uso wenyewe umebadilika. Kioo kimoja kimejaribiwa kwa oksidi ya seriamu na pedi ya sufu ngumu kwenye mashine ya kasi ndogo, rojo likiwekwa likiwa na maji muda wote na mkono ukihama, kwa kuwa joto la kusugua mahali pamoja linaweza kupasua kioo. Michirizi hafifu imeisha, ile mizito imepungua tu. Kuendelea kuchimba kungeacha bonde linalopinda taswira. Maamuzi ya vioo vilivyobaki yameachiwa mwenye jengo: kusugua kwa gharama ya ziada au kubadilisha. Zege lenyewe lisipozibwa kwa dawa ya kuzuia maji, kioo kipya nacho kitaota michirizi hiyo hiyo.

Jumanne: nguzo ya maji safi, ghorofa za juu

Ghorofa ya tatu na ya nne zilikwanguliwa kwa lifti ya kikapu wakati ikiwa bado ipo. Leo zimesuuzwa kwa nguzo yenye brashi na maji yaliyotolewa chumvi. Mpangilio huu haugeuzwi. Brashi ya nguzo kwenye kioo chenye saruji inaburuza mchanga kama kipakio, ila kwa mita kumi hakuna anayeona.

Maji ya bomba yalisoma 240 kwenye kipimo cha chumvi zilizoyeyuka, yaani miligramu kwa lita. Yamepita kichujio cha mashapo cha maikroni 5, kaboni, utando wa osmosisi unaozuia chumvi, na rezini, punje zinazonasa chumvi iliyobaki. Baada ya utando yalisoma 9, baada ya rezini 0. Kaboni isirukwe: klorini ya bomba inaua utando. Rezini inabadilishwa kipimo cha mwisho kikifika 10, maana kuanzia hapo madoa meupe yanaanza kuonekana kwenye vioo vyeusi. Rezini iliyochoka huweza kutoa harufu ya samaki, na harufu hiyo wakati mwingine hutangulia kipimo. Maji yanayokataliwa na utando, karibu nusu ya yote yaliyoingia, yameoshea sakafu ya chini. Yasitumike kusuuzia kioo hata kidogo, yamebeba chumvi zote zilizoachwa.

Fremu ya juu inasuguliwa kwanza, inaachwa imalize kudondosha, ndipo kioo. Wanaoanza na kioo wanakuta mistari michafu ikishuka kutoka kwenye mpira wa fremu wakiwa wameshahama. Kioo ambacho maji yanatandaa husuuzwa haraka. Kile ambacho maji yanajikusanya matone, kwa kawaida kwa sababu ya mabaki ya silikoni, husuuzwa polepole kutoka juu, brashi ikiwa imenyanyuliwa kidogo, na kwa maji mengi zaidi. Hakifutwi. Maji yasiyo na chumvi yakikauka hayaachi kitu.

Madirisha mawili yalibaki na madoa baada ya kukauka. Kipimo kilikuwa 0, kwa hiyo maji hayakuwa na lawama. Juu yake kuna matundu ya hewa yaliyojaa vumbi la lipu, na yalikuwa yakidondosha. Matundu yamefyonzwa vumbi kutoka ndani, vioo vikarudiwa kwa skwiji.

Kona ya kusini-mashariki ina nyaya za umeme. Nguzo ya nyuzi za kaboni inapitisha umeme, na hata ile ya nyuzi za kioo si ya kuaminiwa ikiwa imelowa na kujaa maji ndani. Madirisha manne ya pale yanasubiri umeme uzimwe.

Jumatano: upepo

Kazi ya nguzo imesimama baada ya saa nne asubuhi. Nguzo ndefu inayumba na kugonga vioo, na maji yanapeperushwa kurudi kwenye vioo vilivyokwisha. Mchana umetumika kwenye ngazi upande uliokingwa: miguu ikiwa mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo, kichwa cha ngazi kikiegemea ukuta kupitia kishikizo cha upana (upau mpana unaofungwa juu ya ngazi), kamwe si kioo wala bomba la plastiki la mvua.

Alhamisi na Ijumaa: ndani

Ndani shida si uchafu, ni maji. Kipakio kinakamuliwa mpaka hakidondoshi, taulo inalazwa kibarazani, skwiji inafutwa kila mvuto. Vihisi vya kengele kwenye fremu vimefunikwa. Kimoja kilicholoana kinaweza kupiga kengele jengo zima saa nane usiku. Kamba za mapazia zimefungwa juu kabla, kwa kuwa kamba inayoning'inia ndiyo inayoangusha ndoo.

Vioo vya ndani vina utando wa mafuta unaorudi siku chache baada ya kuoshwa. Unatoka kwenye rangi, gundi ya sakafu na plastiki mpya zinazotoa mvuke. Sabuni peke yake inauhamisha. Umeondolewa kwa sabuni, ukafuatiwa na spiriti kwenye kitambaa safi, na msimamizi ameambiwa aweke oda ya kurudia baada ya wiki kadhaa, madirisha yakiachwa wazi mchana. Vyumba vitatu vina filamu ya giza iliyobandikwa karibuni. Haiguswi kwa siku 30 tangu ibandikwe, na baada ya hapo haipewi amonia wala wembe.

Jumatatu, wiki ya tatu: marudio na makabidhiano

Ukaguzi umefanyika mara mbili: alfajiri, vioo vya nyuma vikiwa na umande, na saa kumi jioni, jua likiwa limelala. Alfajiri ilionyesha duara kubwa kwenye vioo sita. Ni alama za vinyonyeo vilivyobeba vioo wakati wa kufungwa. Mahali vilipogusa, uso unashika unyevu kwa namna tofauti, kwa hiyo duara huonekana penye umande na kupotea kikikauka. Vinne vimefutika kwa oksidi ya seriamu kwa mkono. Viwili vimebaki kwenye orodha. Jua la jioni limeonyesha mkia wa skwiji kwenye vioo vitano vya ghorofa ya pili, vimerudiwa.

Silikoni iliyoachwa imekauka na kuondolewa. Umeme haujazimwa.

Yaliyo wazi: madirisha manne ya kona ya nyaya, matone mawili ya rangi kwenye vioo vyenye alama nyekundu, vioo vilivyochimbwa na magadi upande wa kaskazini, vikisubiri uamuzi, viwili vyenye ukungu ndani, kazi ya fundi aluminiamu, alama mbili za vinyonyeo. Nakala ya mchoro wenye namba imeachwa kwa msimamizi pamoja na picha za Jumatatu ya kwanza.